Kaka anataka nikasome uhasibu, mimi naomba mwaka mmoja wa kuchora

Shikamoo Anti,

Nina miaka 24, naishi Pasua hapa Moshi, na nafanya kazi kwenye steshenari jirani na stendi. Natoa kopi, naprinti, nalaminesha vyeti, napiga pasipoti saizi na kuchapa barua za wanaotafuta kazi. Mshahara si mkubwa ila unatoka kwa wakati, na mama mwenye duka ananiheshimu. Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo nikiligusia nyumbani linageuka ugomvi, na nikilinyamazia linaninyima usingizi.

Kama miaka miwili sasa nimekuwa nachora kwa simu. Ilianzia mchana wa jua kali, wateja wakiwa wamepungua, nikapakua ibis Paint ambayo ni ya bure, nikawa nachorea kidole. Baadaye nikanunua kalamu ya kugusia, ile yenye ncha ya mpira. Sanaa sijawahi kuisomea, shuleni kwetu somo hilo halikuwa na mwalimu. Ninachojua nimekiokota kwenye video: leya (tabaka za mchoro zinazolala moja juu ya nyingine) ni nini, kivuli kinawekwaje kwenye leya yake bila kuharibu rangi ya chini, mistari inafungwaje ili rangi isivuje. Bando likiisha narudia zile nilizohifadhi. Mwenzangu ninayepanga naye akishalala, mimi ndiyo naanza.

Mwaka jana oda zikaanza kuja. Mtu ananitumia picha ya mchumba wake au mwanawe, namgeuzia kuwa mchoro kwa elfu kumi, wakiwa wawili elfu kumi na tano. Nimechora kadi za kichen pati na sendofu. Kuna kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani iliniomba mchoro wa fulana za wapagazi wao, wakalipa vizuri. Kwenye simu kijani cha msitu kilikuwa kinawaka, kwenye fulana kikaja kimefubaa, na mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa kaka yangu. Yeye ni dereva wa watalii Arusha. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo kaka ndiye aliyenilipia ada, akamwekea mama tangi la maji kule Kibosho, akamtibu bibi. Mwezi uliopita alinipigia akasema amejipanga kunisomesha diploma ya uhasibu Arusha, miaka miwili, nitakaa kwake Sakina pamoja na wifi na watoto. Anataka jibu kabla Agosti haijaisha. Nikamwambia ningependa kwanza mwaka mmoja wa kujinoa kwenye uchoraji. Alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, kuchora ni kitu cha Jumapili." Tangu siku hiyo tukiongea ni salamu tu. Mama ananiambia nisimvunje moyo mtu aliyetubeba.

Agosti hiyohiyo kikoba chetu kinavunjwa, na mimi nategemea kama milioni moja na laki nne. Nimeshaulizia: laptopu iliyotumika ni laki sita na nusu, na tabuleti ya kuchorea, ile isiyo na kioo ambayo unaiunganisha kwa waya, ni laki moja na elfu tisini. Zinazobaki zingenisaidia kodi wakati najifunza.

Lakini Anti, kinachoniuma hasa ni hiki. Karibu kila mchoro niliouza nimeufuatisha. Naweka picha ya mteja kwenye leya ya chini, naififisha, kisha napita juu yake kwa kalamu. Juzi kati nilikwenda Kibosho nikamkuta bibi kibarazani anamenya ndizi za mtori. Nikatamani nimchore palepale, bila picha. Nilihangaika mpaka sufuria ikabandikwa. Uso ulikataa, na mkono ulioshika kisu ukatoka na vidole kama ndizi sukari. Bibi alicheka akasema ni mzuri. Mimi nikafuta.

Niliporudi mjini, mteja wangu wa siku nyingi akanionyesha picha ya mwanawe amevaa mavazi ya mwanaanga, imetengenezwa na akili mnemba. "Dada, hii nimeipata bure, sekunde tu." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafurahi.

Je, mimi ni mchoraji au mfuatishaji tu? Ninunue vifaa nibaki, au niende uhasibu nisimuudhi kaka? Na nikienda, nitarudi tena kwenye kuchora, au ndiyo imetoka hiyo? Nisaidie, na usinifiche kitu.

Mchora usiku, Pasua, Moshi

JIBU LA ANTI

Marahaba mwanangu. Barua yako imenigusa, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu ulichokiuliza hakiishii kwenye kuchagua kati ya kitabu cha mahesabu na kalamu ya kuchorea. Ukiisoma haraka unaona msichana, kaka yake, na hela ya kikoba. Ukiisoma polepole unaona mtu aliyejifunza kazi peke yake, usiku, bila jicho la mwingine juu ya kazi hiyo, na sasa analazimika kuitetea mbele ya familia huku mwenyewe ameanza kuitilia shaka. Hayo mawili yakikutana kwa pamoja lazima usingizi upungue.

Nianze na bibi. Ulifuta mchoro ule, na nakuelewa, ingawa natamani ungeubakiza. Katika barua nzima, ule ndio mchoro pekee ambao hukuagizwa na mtu. Nyingine zote mteja alikuchagulia sura, picha ikakuchagulia mkao, na wewe ukamalizia. Kibarazani pale uliamua mwenyewe nini kitazamwe. Kwamba mkono haukutii siku ya kwanza unayoamua mwenyewe si ushahidi kwamba huna kipaji. Ni ushahidi kwamba hilo hukuwa umelizoea, maana hakuna oda iliyowahi kukudai ulifanye.

Kufuatisha kumekufundisha mengi, usikudharau. Umejua kutawala brashi, umejua mpangilio wa leya, umejua kumaliza kazi kwa tarehe na kupokea lawama ya mteja bila kulia mbele yake. Ambacho hakukufundisha ni kupima kwa jicho. Picha ikiwa chini ya kalamu, umbali wa pua na sikio umeshaamuliwa, na uso wa duara umeshalazwa bapa kwa ajili yako. Ikiwa pembeni, hayo yote yanakuwa kazi yako. Mchoraji wa Kiholanzi Van Gogh alianza sanaa akiwa na miaka 27, mwaka 1880, na alichofanya kwa miezi mingi ni kuazima michoro ya mafunzo iliyochapishwa ya Mfaransa Charles Bargue na kuiiga mmoja baada ya mwingine, karatasi yake pembeni ya mchoro. Akamaliza, akarudia. Edward Saidi Tingatinga naye hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, akichora kwenye vibao vya kushindiliwa (hardboard) kwa rangi za kupakia baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 vijana aliokuwa ameketi nao, wengi wao ndugu zake, wakaendeleza mtindo ule mpaka leo unajulikana duniani. Vijana wale waliiga kwanza, lakini waliiga wakiwa wamekaa kando ya mtu, wanaona mkono wake unavyokwenda, naye anaona wa kwao.

Kwa hiyo swali lako la kama wewe ni mchoraji au mfuatishaji, mimi ningeliweka pembeni kwanza. Halijibiki kwa kuwaza kitandani. Badala yake chukua picha ya mkono wa bibi akimenya ndizi, mwombe ndugu yeyote aliyeko nyumbani aipige. Iweke pembeni ya karatasi, usiiweke chini. Anza na kiganja kama umbo moja zito, uone upana wake ukilinganisha na kifundo. Kidole gumba kichore peke yake, kwa sababu kinaanzia chini karibu na kifundo na kinatazama upande tofauti na vingine. Kwa mmenyaji ndizi ndicho kinachoongoza kisu. Vile vinne havianzii kwenye mstari ulionyooka, vimepangika kwa upinde, na cha kati ndicho kirefu. Halafu tazama viungo vinavyokunjika, na weusi wa utomvu ulioganda kwenye ngozi, hapo ndipo mkono unakuwa wa bibi yako na si wa mtu yeyote. Ukimaliza, ficha picha, chora tena kwa kumbukumbu. Kisha fungua picha na uweke alama nyekundu pale ulipokosea. Alama hizo ndizo mtaala wako, na hakuna video itakayokupa ule unaokuhusu wewe.

Tena wewe una bahati ambayo wanaosoma sanaa mbali hulipia: siku nzima mbele yako kaunta imejaa mikono. Inahesabu noti, inasaini fomu, inashikilia vyeti kwa woga visikunjike. Na chini ya mashine lazima kuna rundo la karatasi zilizoharibika, nyuma bado nyeupe. Penseli moja na karatasi hizo, mchana wateja wakipungua, zinaweza kukupa kile ambacho simu imeshindwa. Usichore vizuri. Chora haraka, kabla mteja hajaondoa mkono.

Kuhusu fulana zile, sababu ni rahisi na ingekuondolea unyonge kama ungeambiwa mapema. Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa inatengeneza rangi kwa wino, na wino hauwezi kufikia kijani kinachowaka kama cha kwenye kioo, hasa ukinyonywa na kitambaa. Wachoraji wa kazi za kuchapwa huchagua rangi wakijua hilo, na hujaribu kwanza kipande kidogo. Ukubwa nao: ukurasa wa A4 ukitaka uchapike safi kwa nukta 300 kwa inchi, turubai, yaani eneo la kuchorea kwenye programu, iwe pikseli 2480 kwa 3508 tangu mwanzo, maana ukianza ndogo ukaikuza baadaye mistari inavimba. Wewe unafanya kazi mita moja kutoka kwenye printa, mwanangu. Omba ruhusa kwa mama mwenye duka, lipia wino, tengeneza ukanda wa rangi zako unazozipenda, uchapishe na uubandike ukutani. Utakuwa umejua jambo ambalo wengi wanaochora kwa simu hawalijui mpaka waharibu oda ya mtu.

Hapa sasa nakuja kwenye mwaka mmoja ulioomba, na hapa nitakuuliza bila kukukwepa: huo mwaka una nini ndani? Kwenye barua umeniambia bei ya laptopu hadi nusu laki. Hukuniambia utajifunza nini Septemba, wala utakuwa unaweza nini ifikapo Januari ambacho leo huwezi. Sikulaumu. Anayejifunza mwenyewe huvutwa na video iliyofuata na oda iliyofuata, na siku zinajaa bila mtu kugundua kwamba hakuna aliyezipanga. Lakini kama kaka angekuuliza swali hilo ungemjibu nini? Hata mimi niliye upande wako nisingekuwa na la kushika.

Vifaa vina umuhimu wake. Kalamu ya ncha ya mpira haisikii mkandamizo, kwa hiyo mstari wako unatoka unene uleule ukibonyeza au usibonyeze, na hilo linaufanya mchoro kuwa mkavu hata mkono ukiwa na uhai. Tabuleti ya kuchorea inausikia. Ila ujue kwamba ile isiyo na kioo inatenganisha mkono na jicho: mkono uko mezani, macho yako kwenye kompyuta, na wiki za mwanzo mistari hutetemeka hata kwa aliyezoea. Wapo waliokata tamaa hapo wakaiuza. Programu isikusumbue, Krita ni ya bure kabisa na inatosha kwa kazi ya kulipwa. Procreate wanayoisifu kwenye video haifanyi kazi nje ya vifaa vya Apple, iache. Na kabla ya kutoa laki sita na nusu, uliza dukani kama tabuleti hiyo inakubali simu ya Android, kwa sababu nyingi za siku hizi zinakubali, lakini si kila simu. Nenda na simu yako, ichomeke, chora mistari mbele ya muuzaji. Ikikubali, utakuwa na njia ya kujipima kwa sehemu ndogo ya hela ya kikoba. Isipokubali, basi laptopu inaingia kwenye hesabu, na hapo angalia isiwe na kumbukumbu (RAM) ndogo, gigabaiti nane ni afadhali kwa leya nyingi.

Kuhusu akili mnemba nitasema kweli kwa sababu umeniomba nisikufiche. Kazi ya kugeuza picha ya mtu kuwa katuni kwa elfu kumi ndiyo iliyo hatarini zaidi, na nisingependa ujenge mwaka wako juu yake. Mteja wako amekuonyesha hilo bila kukusudia. Lakini kuna kazi ambazo anayelipa anahitaji mtu wa kuketi naye: ramani ya kuchorwa ya njia ya Machame yenye vituo vyake kwa mpangilio, mfuko wa kahawa ambao mwenye shamba anataka uonyeshe kihamba chake hasa, bango la zahanati ambalo mama wa Kiboriloni ataliangalia ajione, kitabu cha mtoto ambacho mhusika anatakiwa afanane kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kazi hizo zinataka mtu anayeulizwa na kurekebisha, na zinataka yule anayejua kupima kwa jicho. Siwezi kukuahidi kwamba zipo za kukutosha Moshi. Kampuni za watalii na mashirika yamejazana zaidi Arusha, na hilo likumbuke tutakapofika kwa kaka.

Jambo dogo nisilisahau: ukiwahi kuchukua picha mtandaoni ili uifuatishe na kuuza, ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha sawa na inavyokulinda wewe. Kwa oda za biashara, tumia picha ya mteja aliyoipiga mwenyewe, au piga yako.

Haya, kaka. Mwanangu, umeniandikia alichokisema, hukuniandikia alichokiona. Je, amewahi kuushika mchoro wako mkononi? Anajua kuhusu fulana za wapagazi? Yeye anafanya kazi na wapagazi na madereva, huenda amekutana na watu waliovaa kazi yako bila kujua. Mtu aliyeambiwa "nataka mwaka wa kuchora" kwenye simu, bila kuona kitu, anaweza kusikia "nataka mwaka wa kukaa". Na fikiria ametoka wapi. Mwaka 2020 watalii walipokata, madereva wengi wa Arusha walikaa nyumbani miezi na miezi bila safari hata moja. Kila mwaka Aprili na Mei mvua zinamkumbusha. Mtu aliyepitia hayo akimtafutia mdogo wake kazi ya mshahara, inawezekana hadharau kalamu yako. Inawezekana anaogopa kwamba utaishi kama yeye, kwa kusubiri simu iite. Sina uhakika, simjui. Ndiyo maana naona ni vema umuulize kabla ya kumjibu.

Nawe jiulize moja ambalo barua yako imelipita: hesabu unazionaje? Umeandika kuhusu uhasibu kama ukuta tu. Hukusema unachukia namba, wala kwamba unazipenda. Kama shuleni zilikuwa zinakutoa jasho, miaka miwili ya ada ya kaka ukiwa unasoma kwa huzuni ni hatari kubwa: unaweza kufeli kwa hela ya mtu mwenye watoto wake, na hapo uhusiano ukaharibika kuliko ungekataa leo. Kama namba huzichukii, kwenda Sakina si kifo cha mchoraji. Utakuwa karibu na kampuni zinazonunua michoro, karibu na Soko la Wamasai ambako wachoraji wanakaa mchana kutwa na unaweza kuomba mmoja akuangalizie kazi, na utajua kuandika ankara na kukokotoa bei, kitu kinachowaangusha wasanii wengi wenye mikono mizuri. Lakini ulizia pia utalala wapi. Nyumba yenye watoto, mgeni wa kike anayesoma, mara nyingi jioni yake inaishia jikoni. Bila kona yenye mlango na saa moja yako kwa siku, kuchora kutapungua kidogo kidogo mpaka kuwe kweli kitu cha Jumapili. Hilo ni la kuzungumza na wifi kwa heshima kabla hujahama, si baada.

Kubaki Moshi nako kuna sura mbili. Una kazi, una kodi unayoimudu, una usiku wako. Ukiupa mwaka mpango, unaweza kufika mbali. Hatari ni kwamba ofa ya kaka haina hakika ya kungoja. Watoto wake wanakua, ada zao zinakuja, na gari likiharibika akiba inaisha. Tena peke yako usiku unaweza kuzunguka palepale, ukifuatisha kwa kifaa cha bei zaidi. Ukibaki, tafuta jicho la pili mapema. Mafundi wanaochora mabango ya maduka na maandishi ya magari hapo Moshi hawatajua leya, lakini wanajua mstari, na wengi ni wakarimu ukienda na adabu na mchoro mkononi.

Kuna na njia za katikati ambazo hukuzitaja. Baadhi ya vyuo vya kati hupokea wanafunzi Machi pia, kwa hiyo kuahirisha kunaweza kuwa miezi michache na si mwaka, ikiwa kaka ataridhia. Kuna TaSUBa kule Bagamoyo ambako sanaa zinafundishwa kwa cheti na diploma. Ni mbali, na matokeo yako ya kidato cha nne ndiyo yatakayosema kama mlango uko wazi, ila kaka anayetaka cheti huenda hajui kwamba na kuchora kuna cheti. Utasikia watu wakimtaja mchora katuni Gado, kwamba aliacha kusomea usanifu majengo katika chuo cha Ardhi mwaka 1992 akaenda kuchora katuni gazetini Nairobi. Ni kweli. Lakini alipoondoka alikuwa ameshachapishwa kwenye magazeti ya Dar, na kazi ilikuwa inamsubiri. Ukitumia mfano wake kwa kaka, utumie wote.

Mazungumzo yenyewe yasiwe ya simu. Moshi na Arusha ni kilomita 80. Huu ni msimu wa safari, atakuwa porini mara kwa mara, kwa hiyo muulize wifi siku anayorudi, umwache alale kwanza. Nenda na fulana moja ya wale wapagazi, na michoro michache uliyoichapisha kwenye karatasi nzuri, na mikono ya kaunta ya penseli hata kama haijakaa sawa, kwa sababu hiyo ndiyo itamwonyesha kwamba unajifunza. Mshukuru kwa ofa kabla ya kusema lingine lolote. Halafu mwonyeshe ukurasa mmoja wa mpango: utajifunza nini mwezi upi, utatumia kiasi gani cha kikoba, na ni dalili gani mtakubaliana kwamba ikionekana unaendelea, na isipoonekana unakwenda chuo. Pengine hatakubali. Pengine atakupa sharti ambalo hulipendi, na utalazimika kupima upya. Ukirudi bila makubaliano bado utakuwa umemwonyesha kazi yako, na umemsikiliza anachoogopa.

Na usiguse hela ya kikoba kabla ya safari hiyo. Ukifika na kifaa kimeshanunuliwa, mazungumzo yatakuwa ya kuomba radhi.

Ukishakaa naye niandikie tena, uniambie amesemaje kuhusu kuingia Machi, na kama simu yako imekubali tabuleti. Hayo mawili yatabadilisha mengi niliyokuandikia hapa.

Anti